Ruger Mark IV ya .22: niliyoyaona tangu nilipoitoa dukani

Ukikosa shabaha kwa bastola ya milimita 9, visingizio viko tele: teke lake, mlio wake, mkono uliochoka, risasi zilizoisha kabla hujapata kuizoea. Ukikosa kwa bastola ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye upana wa inchi 0.22 hivi, kisingizio kinabaki kimoja tu, nacho ni kidole chako. Kwa sababu hiyo nilipoamua kununua bastola ya mazoezi hapa Ohio, Marekani, sikuangalia kabisa zile za kubeba kiunoni. Nilitaka bastola ya kulengea karatasi, nzito, yenye mtutu mnene na vilengeo vinavyorekebishika, inayokula risasi za bei ndogo. Niliyoichukua ni Ruger Mark IV Target, ile ya chuma kisichoshika kutu, yenye mtutu wa inchi 5.5.

Wengi wetu tuliopitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, tulionja kulenga shabaha kwa bunduki ya kijeshi, SMG. Unalala kifudifudi, afande yuko juu ya kichwa chako, risasi umepewa za kuhesabu, na kabla akili haijatulia zimekwisha. Unainuka na sifa ya kuwa umepiga, lakini hujui kwa nini moja ilipata na nyingine ikaenda kwenye tuta. Silaha ya vita imetengenezewa kazi nyingine na mafunzo yake ni ya haraka. Mtu anayetaka kulenga kama mchezo, kwa maana ya kuboresha alama zake mwezi hadi mwezi, anahitaji kupiga risasi nyingi sana kwa utulivu. Hapo .22 haina mpinzani. Kwa bei za hapa, risasi yake ya kawaida huuzwa chini ya nusu ya bei ya risasi ya milimita 9. Mfuko wangu hauwezi kubeba mazoezi ya kila wiki kwa 9 mm, na sidhani kama mifuko mingi inaweza.

Risasi yenyewe ni ya zamani kuliko bunduki nyingi zinazozungumzwa leo. Inaitwa .22 Long Rifle, ilitoka mwaka 1887 kwa kampuni ya Stevens ya Marekani, na hadi sasa inatengenezwa karibu vilevile. Kichwa chake cha risasi ya kawaida kina uzito wa greini 40, yaani gramu 2.6 hivi. Kinachoitofautisha ni mahali ilipowekwa dawa ya kuwashia. Katika risasi ya 9 mm, katikati ya kitako cha ganda kuna kidude cha duara, nacho ndicho kinachogongwa na pini. Ganda la .22 halina kidude hicho. Dawa imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko mzima, na pini inaugonga ukingo huo na kuubana mpaka dawa iwake. Ganda ni jembamba kwa lazima, maana pini inapaswa kulibonyeza. Likishatumika, limetumika. Waliozoea kujaza upya maganda ya 9 mm kwa baruti mpya hawana la kufanya na haya zaidi ya kuyauza kwa kilo.

Ruger wana historia na bastola hii. William Ruger na Alexander Sturm waliianza kampuni yao mwaka 1949 huko Southport, Connecticut, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa bastola ya .22 yenye umbo hilihili: mtutu mwembamba unaochomoza mbele, mpini uliolala nyuma. Iliuzwa dola 37.50. Sturm alifariki mwaka 1951 na nembo ya tai mwekundu iliyokuwa kwenye mpini ikabadilishwa kuwa nyeusi kwa kumwomboleza. Tangu hapo zikaja Mark I, Mark II ya mwaka 1982, Mark III, na mwaka 2016 hii Mark IV.

Kwa miaka yote hiyo bastola hizi zilisifiwa kwa kulenga na kulaaniwa kwa jambo moja, kuzifungua kwa ajili ya usafi. Kuzifungua kulikuwa na ugumu wake, lakini kuzirudishia ndiko kulikowatoa watu jasho. Ndani kuna kijiti kinachoungana na nyundo inayoigonga pini, nacho lazima kiangukie mahali pake, na ili kiangukie unatakiwa kuielekeza bastola juu, kisha chini, ukibonyeza triga kwa wakati wake na kuomba Mungu. Nimeshaona Mark II ya mtu ikiletwa renji, uwanja wa kulengea shabaha, ndani ya mfuko wa plastiki, vipande vipande, ikitafuta mwenye ujuzi.

Mark IV imelimaliza suala hilo kwa kitufe kimoja. Nilipofika nayo nyumbani, kabla ya kuipeleka popote, niliifungua mezani nione. Unatoa magazini, kile kikasha cha risasi, unavuta nyuma boliti, kile chuma kinachoteleza nyuma ya mtutu, na kuchungulia kwa macho chemba, tundu inamokaa risasi, unaingiza na kidole kidogo kuhakikisha. Boliti ikirudi mbele nyundo inabaki imetegwa, unaweka loki ya usalama. Nyuma ya fremu, chini kidogo ya mkia wa boliti, kuna kitufe. Ukikibonyeza, sehemu yote ya juu, mtutu pamoja na bomba linalobeba boliti, inanyanyuka nyuma na kukunjika mbele kama kifuniko cha sanduku. Unaichomoa kwenye bawaba yake, boliti inateleza na kutoka yenyewe, na sasa unaona mwanga ndani ya mtutu kutoka upande wa nyuma. Mafuta ya kiwandani yalikuwa mengi, meusi kidogo. Niliyafuta kwa kitambaa, nikapitisha brashi mtutuni kuanzia nyuma, jambo ambalo bastola nyingi za .22 hazikuruhusu kirahisi, nikaweka mafuta mepesi, nikaifunga. Inapojifunga inatoa mlio mmoja wa kukaza na hakuna kinachocheza. Kwa risasi za .22, ambazo vichwa vyake ni vya madini laini ya risasi yaliyopakwa nta na zinaacha masizi mengi kuliko za 9 mm, urahisi huu ni jambo kubwa. Bastola inayofunguka kwa urahisi ndiyo inayosafishwa.

Anayenunua Mark IV iliyotumika ajue kwamba mwaka 2017 Ruger waliziita kiwandani zote zilizotengenezwa kabla ya Juni mosi mwaka huo. Loki ya usalama ikiachwa katikati, haijafungwa wala haijafunguka, na triga ikavutwa, bastola ingeweza kufyatuka baadaye loki inaposogezwa. Waliirekebisha bure. Chukua namba ya bastola, uiangalie kwenye tovuti yao kabla ya kutoa pesa.

Mkononi ni nzito. Hii ya chuma kitupu inapita kilo 1.2 na uzito mwingi uko mbele, kwenye mtutu. Dukani wapo wanaoinyanyua na kuirudisha papo hapo kwa sababu hiyo, wanachukua ile 22/45 Lite ya alumini ambayo ni nyepesi sana. Mimi nawaelewa lakini sikubaliani nao kwa kazi hii. Uzito wa mbele unatuliza kilengeo. Mkono hautaacha kutikisika, hakuna mkono wa binadamu usiotikisika, ila mtikisiko unakuwa wa polepole na macho yanaweza kuufuata.

Hapa ndipo kwenye kiini cha mambo, na ningependa kila anayeanza akielewe kabla ya kununua hata risasi moja. Bastola ina vilengeo viwili, kipande cha mbele na mfereji wa nyuma. Kwenye hii yangu vimeachana kama sentimita 20. Kilengeo cha mbele kikihama milimita moja tu ndani ya mfereji wa nyuma, kwa umbali wa yadi 25, ambao ni karibu mita 23, risasi itahama zaidi ya sentimita 11. Duara la alama 10 kwenye karatasi ya yadi 25 wanayotumia hapa lina kipenyo cha sentimita 8.5 hivi. Milimita moja imekutoa nje ya kumi na nje ya tisa pia. Lakini mkono wako wote ukihama milimita moja kwenda kulia, vilengeo vikiwa vimenyooka vilevile, risasi nayo itahama milimita moja tu. Wanaoanza huhangaika na kuyumba kwa mkono, wakasubiri kilengeo kisimame juu ya duara jeusi, na kikipita pale katikati wanaikwanyua triga. Ule mkwanyuo ndio unaopindisha vilengeo. Kuyumba kungewagharimu kidogo, mkwanyuo unawagharimu karatasi nzima.

Mara ya kwanza niliipeleka renji pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye yeye ana 9 mm na anaipiga kwa kujiamini. Alipoishika akacheka.

"Shem, hii mbona kama ya mtoto?"

Nilimpakilia magazini. Zinakuja mbili, kila moja inaingiza risasi 10, na pembeni kuna kitufe ambacho unakivuta chini kwa dole gumba ili springi ilegee, risasi zinadondokea moja moja bila kuumiza kucha. Ni raha ukilinganisha na magazini za 9 mm. Tulianza yadi 10. Mlio wake ulikuwa mkavu na mfupi, ingawa vizibo vya masikio hatukuvua na mtu asivivue, maana hata .22 inaweza kuharibu masikio. Teke halikuwepo la kusema. Kichwa cha gramu mbili na nusu kinachosukumwa na bastola ya kilo moja na ushei, mkono unahisi kama umegongwa begani na mtu anayekusalimia. Kilengeo kinapanda kidogo na kurudi palepale, na kwa mara ya kwanza unaona wazi kilikuwa wapi risasi ilipotoka.

Risasi zake shemeji zilijikusanya vizuri lakini chini kushoto. Zangu zilikuwa juu kidogo, nikazungusha skrubu ya kilengeo cha nyuma, inatoa mlio wa tik kila hatua, mpaka zikashuka. Yeye naye akataka tuzungushe. "Bastola inapiga kushoto, shem." Nilimwomba amalize kwanza magazini aliyokuwa nayo, yenye risasi za boksi la bei rahisi la mia kadhaa tulizomwaga ndani ya bakuli. Katikati yake moja haikuwaka. Ikasikika ta! ya nyundo peke yake. Na kwa sababu hakukuwa na mlipuko wa kuficha chochote, sote wawili tuliona mdomo wa mtutu ukiinama chini kushoto, kama upana wa kidole gumba, mfano wa mtu aliyeinamisha kichwa kukwepa kitu ambacho hakikuja.

Alikaa kimya, bastola ikiwa bado imeelekea shabaha kama inavyotakiwa. Risasi isiyowaka inaweza kuchelewa kuwaka, kwa hiyo unahesabu nusu dakika mtutu ukiwa mbele, vidole nje ya triga, ndipo unavuta boliti. Ganda lilipotoka nililigeuza kwenye kiganja. Alama ya pini ilikuwa pale ukingoni, ya mstatili, imezama vizuri. Bastola ilikuwa imefanya kazi yake. Dawa ndiyo haikuwa mahali pale. Kiwandani dawa hiyo inawekwa ikiwa mbichi na ganda linazungushwa ili isambae ukingoni kote, na kwenye risasi za bei ya chini hutokea sehemu ndogo ikabaki tupu. Wapo wanaoligeuza ganda na kulirudisha chemba, pini igonge upande mwingine, na mara nyingi huwaka. Renji yetu hairuhusu, wana ndoo ya risasi zilizogoma, tukaitupa humo.

Kisha shemeji akasema maneno niliyoyapenda: "Kumbe nilikuwa naikwepa hata ile 9 yangu. Sikuwahi kujiona."

Kwenye 9 mm asingejiona. Mlipuko wenyewe unainua mtutu kwa nguvu kiasi kwamba ule mwinamo wa nusu sekunde kabla yake unamezwa. Mtu anaweza kupiga miaka mitano akidhani kilengeo chake kimepinda. Tulichofanya baadaye ni kupunguza kila kitu: yadi 10 ileile, risasi moja moja, triga ikivutwa polepole mpaka yenyewe ikushtue. Za mwisho zikaanza kupanda kuelekea katikati bila skrubu kuguswa. Kwa risasi za mazoezi ya dhati sasa ninatumia CCI Standard Velocity. Zinatoka polepole kuliko mwendo wa sauti, hazina ule mpasuko hewani, na hadi sasa kwenye bastola hii hazijagoma.

Triga yenyewe siifurahii sana. Ni nzito, kwa kukisia kilo mbili na kitu, na kabla ya kufyatuka inaburuzika kidogo, unahisi chuma kikisuguana na chuma. Kwa mashindano ya Olimpiki ya bastola ya mita 25 triga inaruhusiwa kushuka hadi gramu 1,000, kwa hiyo unaona nafasi iliyopo. Maduka yamejaa triga za kubadilisha na wengi wanaibadilisha siku hiyohiyo ya kwanza. Mimi nitaiacha kwa muda. Kidole kikijifunza kwenye triga inayoburuzika bila kutikisa kilengeo, nzuri itakuja kama zawadi.

Jambo la pili linalonikera ni kwamba bastola haifyatui bila magazini ndani. Wameiweka hivyo kwa usalama, mtu akitoa magazini akasahau risasi iliyo chemba. Nia ni njema. Ila kwa mazoezi makavu ya nyumbani, yaani kuvuta triga bila risasi, ni usumbufu: lazima uingize magazini tupu, na magazini tupu inaifunga boliti nyuma kila unapoivuta, uibonyeze tena irudi. Nafanya hivyo hivyo. Mark IV inaruhusu mazoezi makavu maana kuna kipini ndani kinachoizuia pini isigonge ukingo wa chemba. Bastola nyingi za .22 haziruhusu, zinajichimba chemba, kwa hiyo soma kitabu cha bastola yako kwanza. Mazoezi hayo nayafanya nikiwa nimetazama ukuta wa tofali, risasi zikiwa chumba kingine, na nadhani yamenisaidia kuliko hata renji.

Vilengeo ni vyeusi tupu, vikali, vizuri. Kwenye duara jeusi vinapotea, hivyo nalenga chini ya duara, weupe kidogo ukibaki kati ya kilengeo na jeusi, na nimeviweka risasi zipande hadi katikati. Wanaotaka darubini za nukta nyekundu wana matundu ya skrubu juu ya bomba tayari.

Nimeulizwa na ndugu wa nyumbani na wa hapa namna nilivyoipata. Hapa Marekani mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ananunua kama raia. Kwa muuzaji mwenye leseni lazima uwe umefikisha miaka 21 kwa bastola, unajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, kwa mkono wako, unaandika na namba yako ya uhamiaji, kisha muuzaji anauliza mfumo wa FBI kama una kizuizi. Aliye kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Msijibu fomu hiyo kwa kubahatisha, uongo humo ni jinai ya serikali kuu na kwa mgeni ni kuhatarisha ukaazi wenyewe. Nyumbani ni habari nyingine kabisa. Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya ina yake, leseni zinapitia mamlaka za huko. Hakuna njia ya kuifungasha hii kwenye sanduku la kwendea likizo, na asikudanganye mtu.

Na nina watoto. Bastola inalala kwenye kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, risasi zina kasha lao, namba za siri tunazijua wakubwa wawili. Nikimaliza renji nanawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa usukani, nguo zinaingia mashine peke yake, maana vichwa hivi ni madini ya risasi matupu na vumbi lake linadhuru watoto kuliko linavyotudhuru sisi. Watu wanaipuuza hii kwa sababu .22 inaonekana ndogo.

Wapo watakaosema bastola inayorusha kichwa cha gramu mbili na nusu ni ya kuchezea. Nawakumbusha Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti liliuharibu mkono wake wa kulia, ule aliokuwa akilengea. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948, kisha Helsinki mwaka 1952. Hapa Ohio penyewe, Camp Perry kando ya Ziwa Erie, mashindano ya kitaifa yalianza kufanyika mwaka 1907, na mpiga bastola wa mtindo wao wa kizamani, mkono mmoja, mwingine mfukoni, anaanza siku yake kwa .22 kabla ya kushika kubwa.

Huko ndiko ninakotaka kuelekea. Kazi inayofuata ni kuiegemeza bastola kwenye mfuko wa mchanga na kulinganisha aina tatu za risasi kwa yadi 25, nijue mtutu huu unapenda ipi, maana kila mtutu wa .22 una yake. Baada ya hapo ni mkono mmoja, risasi 10 kwa dakika 10, na shemeji ameshaagiza ya kwake.